KWA NINI SABUNI YETU INACHOMA? SOMO LA KUPIMA SODA

Tukiwatembelea akina mama huku Migori na Homa Bay, swali moja tunalisikia kila mara: mbona sabuni ya juzi ilikuwa nzuri na ya leo inachoma mikono? Jibu liko kwenye hesabu.

Sabuni hupatikana mafuta yakikutana na kostiki soda. Wanakemia huandika hivi:

mafuta 1 + soda 3 → glisarini 1 + sabuni 3

Namba hizo za mbele si vikombe wala kilo. Zinahesabu chembe. Kila chembe ya mafuta ina mikono mitatu, na kila mkono unataka chembe moja ya soda. Chembe hazionekani kwa macho, kwa hivyo huhesabiwa kwa fungu kubwa sana liitwalo moli, kama mayai yanavyohesabiwa kwa dazeni. Dazeni ya mayai na dazeni ya mananasi zote ni kumi na mbili, lakini uzito si mmoja, sivyo?

Sasa tupime. Moli moja ya soda ni gramu 40. Moli tatu ni gramu 120. Moli moja ya mafuta ya ng'ombe ni karibu gramu 860. Basi kilo moja ya mafuta inataka soda gramu 140 hivi. Ukitia 200, gramu 60 zitabaki bila mwenzi, na hizo ndizo zinazochoma ngozi ya mtoto. Ukidhani namba zote ni moja, utatia 47 tu, na theluthi mbili za mafuta zitabaki mafuta. Kwa usalama punguza kidogo: tia 133.

Mafuta ya nazi ni mengine. Chembe zake ni nyepesi, kwa hivyo kilo moja ina chembe nyingi zaidi, nayo inataka soda kama gramu 180 kabla ya kupunguza.

Tahadhari: Pima kwa mizani, si kwa kijiko. Tia soda ndani ya maji. Usimimine kamwe maji juu ya soda. Usitumie sufuria ya alumini, soda huila. Kingeni macho na mikono, na watoto wakae mbali.

Zoezi: Kikundi kina kilo 3 za mafuta ya ng'ombe. Kitatia soda kiasi gani? (Jibu: 3 × 133 = gramu 399.)

Fanyeni hesabu hii pamoja, anayejua amsaidie mwenzake. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.