Hesabu za Safari: Ukoo Mkubwa Katika Bustani ya Burudani

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wakati nao ni mali, na huenda ndiyo mali inayopotea upesi kuliko nyingine zote. Kusudi la makala haya ni kuonyesha jinsi hesabu zinazofundishwa katika shule za sekondari zinavyoweza kutumika kupanga jambo linaloonekana kuwa la starehe tu, yaani safari ya mapumziko ya ukoo mkubwa katika bustani ya burudani.

Watu wengi hudhani kwamba safari ya watu 14 ni sawa na safari ya watu 4, ila imeongezwa chakula na vitanda. Dhana hiyo si sahihi. Msomaji ataona kwamba idadi ya watu ikiongezeka, matatizo huongezeka kwa kasi kubwa kuliko idadi yenyewe.

Mahali Penyewe

Tutatumia mfano wa Walt Disney World, iliyoko karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida, Marekani. Eneo lake ni kilometa za mraba 100 hivi. Ndani yake mna bustani kubwa nne: Magic Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1971, EPCOT, mwaka 1982, ya studio za filamu, mwaka 1989, na Animal Kingdom, mwaka 1998. Katika kila bustani mna vyombo vya michezo: magari ya reli yapandayo na kushuka kwa kasi, mashua zipitazo katika mifereji, na vinginevyo. Kila chombo kina foleni yake.

Tuchukue ukoo wa mfano, unaoishi katika miji mbalimbali ya Marekani na ambao umekusudia kukutana huko. Kuna bibi mwenye umri wa miaka 72, watoto wake watatu pamoja na wenzi wao, na wajukuu saba. Miongoni mwa wajukuu, wawili ni vijana, watatu wanasoma shule ya msingi, mmoja ana miaka minne na urefu wa sentimeta 100, na wa mwisho ni mtoto mchanga. Jumla yao ni watu 14. Kwa kuwa wanakutana mara chache, lengo lao si kupanda vyombo vingi iwezekanavyo. Lengo ni kukaa pamoja, na kuhakikisha kwamba bibi na wajukuu wadogo hawageuki kuwa walinzi wa mizigo ya wenzao.

Kwa Nini Kundi Kubwa Huchelewa

Hebu tufikirie kwamba kila mtu, asubuhi, ana uwezekano wa 0.9 wa kuwa tayari kwa wakati uliopangwa. Hiyo ni tabia njema: siku 9 katika kila siku 10. Tukichukulia kwamba kuchelewa kwa mmoja hakutegemei kuchelewa kwa mwingine, uwezekano wa watu 4 kuwa tayari wote kwa pamoja ni 0.9 kwa kipeo cha 4, yaani 0.66. Kwa watu 14, ni 0.9 kwa kipeo cha 14, yaani 0.23 tu. Kwa hiyo, ukoo wa watu wenye tabia njema utachelewa asubuhi zaidi ya tatu katika kila nne, wala hakuna mtu mmoja anayestahili kulaumiwa kwa mazoea hayo. Lawama ni ya kipeo.

Upo pia ugumu wa kupatana. Idadi ya jozi za watu katika kundi la watu n ni n(n-1)/2. Watu 4 wana jozi 6. Watu 14 wana jozi 91. Kila jozi yaweza kuwa na hitilafu ya maoni juu ya mahali pa kula au chombo cha kupanda.

Hesabu hiyo hiyo inatuonyesha dawa mbili. Dawa ya kwanza ni kuongeza muda. Iwapo watu wataamshwa nusu saa mapema zaidi, na uwezekano wa kila mmoja kuwa tayari ukapanda kutoka 0.9 hadi 0.99, basi uwezekano wa wote 14 utapanda kutoka 0.23 hadi 0.87. Dawa ya pili ni kugawanya ukoo katika makundi, ili kuchelewa kwa mmoja kusiwafunge wote. Dawa hizi mbili zikitumiwa pamoja, kundi la watu 5 litakuwa na uwezekano wa 0.95.

Jinsi Foleni Inavyozaliwa

Elimu ya foleni ilianza katika kazi za simu. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark, alichapisha uchunguzi wake juu ya jinsi wito wa simu unavyofika bila mpangilio. Tangu wakati huo elimu hiyo imetumika katika viwanda, hospitali, bandari na viwanja vya ndege.

Tuseme chombo kimoja kina uwezo wa kuchukua watu 1,500 kwa saa. Bustani inafunguliwa saa 3 asubuhi, na katika saa ya kwanza wanafika watu 1,000. Hakuna foleni ya maana. Kuanzia saa 4 hadi saa 7 mchana wanafika watu 1,800 kwa saa. Kila saa wanabaki watu 300, na baada ya saa tatu wamekusanyika watu 900. Mtu anayefika saa 7 atangoja saa 900/1,500, yaani dakika 36.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hawalitambui. Tuseme kwamba baada ya saa 7 wanaofika wanapungua na kuwa 1,350 kwa saa, idadi ambayo ni chini ya uwezo wa chombo. Je, foleni itatoweka mara moja? La. Itapungua kwa watu 150 tu kila saa, na kuisha kwake kutachukua saa 6, yaani hadi saa 1 usiku. Foleni iliyojengwa kwa saa tatu imehitaji saa sita kubomolewa. Ndiyo maana saa moja ya asubuhi ina thamani kubwa kuliko saa moja ya mchana, na ndiyo maana vilevile jioni ni wakati mzuri kwa wale wasioweza kuamka mapema.

Njia ya Kupita Mbele

Mwaka 1999 bustani za Disney zilianzisha mpango ulioitwa FastPass, ambao ulimwezesha mgeni kupewa saa ya kurudi na kuingia kwa njia fupi bila malipo ya ziada. Tangu mwaka 2021 njia hiyo ya haraka imekuwa ya kulipia huko Florida, na mwaka 2024 utaratibu ulibadilishwa tena ili wageni waweze kuchagua saa zao siku kadhaa kabla ya kufika.

Mpango wa namna hii hauongezi hata kiti kimoja katika chombo. Tuseme kwamba kati ya nafasi 1,500 za kila saa, 1,000 zimetengwa kwa njia ya haraka. Njia ya kawaida inabaki na nafasi 500. Foleni ya watu 500, ambayo ingemalizika kwa dakika 20 kama nafasi zote zingekuwa zao, sasa itachukua dakika 60. Muda anaoupata mmoja umetoka kwa mwingine. Ukoo wa watu 14 hauna budi kukumbuka kwamba gharama yoyote ya njia ya haraka itazidishwa kwa idadi ya wapandaji. Yafaa kuinunua kwa siku moja yenye umati mkubwa, au kwa wale tu wanaotaka vyombo vyenye foleni ndefu, kuliko kuwanunulia wote kila siku.

Urefu, Joto na Radi

Vyombo vyenye mwendo wa kasi vina masharti ya urefu, kwa sababu vyuma vya kumzuia abiria vimetengenezwa kwa miili ya kimo fulani. Chombo kiitwacho Space Mountain hudai urefu wa sentimeta 112. Tiana's Bayou Adventure, kilichofunguliwa mwaka 2024, hudai sentimeta 102. Mjukuu wetu wa sentimeta 100 amepungukiwa na sentimeta 2 tu, lakini sheria haipimi hamu ya mtoto. Apimwe nyumbani, aelezwe mapema, na atafutiwe chombo kingine. Kilio cha mlangoni, baada ya kungoja dakika 40, chaweza kuepukwa kwa futi ya kupimia.

Upo utaratibu unaowasaidia wazazi wa mtoto kama huyo. Mzazi mmoja hupanda huku mwingine akikaa na mtoto; kisha hupokezana, na yule wa pili hahitaji kuanza foleni upya.

Hali ya hewa nayo ina hesabu yake. Katika mwezi wa Julai joto la mchana huko Orlando hufikia kiasi cha nyuzi 33 za Selsiasi, na hewa huwa na unyevu mwingi, hivyo jasho halikauki upesi na mwili haupoi kama inavyotakiwa. Wazee na watoto wachanga ndio walio katika hatari zaidi. Tena, katika miezi hiyo mvua za radi hunyesha mara nyingi wakati wa alasiri, na radi ikikaribia, vyombo vya nje husimamishwa. Kwa hiyo mpango unaowaweka bibi na mtoto mchanga nje kuanzia saa 7 hadi saa 10 ni mpango mbaya, hata kama foleni zingekuwa fupi.

Kazi Ipi Ianze?

Mwaka 1958 Jeshi la Majini la Marekani lilianza kutumia njia ya kupanga kazi kubwa kwa mchoro wa mishale, unaoonyesha kazi ipi lazima imalizike kabla ya nyingine kuanza. Muda wa kazi yote hauwezi kuwa mfupi kuliko njia ndefu kuliko zote katika mchoro huo.

Ukoo wetu una kazi hizi. A: kupatana juu ya tarehe na idadi, siku 30. B: kuomba likizo kazini, baada ya A, siku 40. C: kuchanga fedha, baada ya A, siku 90. D: kukodi malazi, baada ya C, siku 10. E: kununua tiketi za ndege, baada ya B na C, siku 15. F: kuweka akiba ya meza kubwa ya chakula, baada ya D, nafasi hizo hufunguliwa siku 60 kabla ya siku yenyewe, nazo meza za watu 14 ni chache.

Njia ndefu ni A, C, D, F: 30 + 90 + 10 + 60 = siku 190. Kwa hiyo maandalizi yaanze zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Likizo, ambayo ndiyo huwahangaisha watu wengi, ikichelewa siku 100 bado safari haitaharibika, kwani kazi B ina muda wa ziada wa siku 105. Bali mchango ukichelewa siku moja, kila kitu kinachelewa siku moja. Mweka hazina wa ukoo na aanze kazi yake mapema.

Mpango wa Siku Moja

Sasa tuunganishe yote. Kundi la kwanza la watu 5, yaani vijana wawili, mwanafunzi mmoja na watu wazima wawili, lifike Magic Kingdom kabla ya saa 3 na kuanza na vyombo vyenye foleni ndefu. Kundi la pili la watu 5, lenye mtoto wa sentimeta 100, wanafunzi wawili na watu wazima wawili watakaopokezana, lifuate kwa nafasi. Kundi la tatu la watu 4, yaani bibi, mtoto mchanga na wazazi wake, lije wakati wowote kabla ya chakula.

Wote wakutane saa 5 na nusu kwa chakula, kabla ya wenye njaa kujazana. Mahali pa kukutania pawe pamoja na saa yake, maana simu huzimika: kasri la Cinderella, lenye kimo cha meta 58 hivi, huonekana kutoka mbali, lakini ni lazima kutaja upande. Mchana bibi na wadogo wapumzike hotelini. Saa 12 jioni wote warudi kupanda mashua za "it's a small world", ambazo hazina sharti la urefu. Hapo bibi ataketi karibu na wajukuu wake.

Katika siku nzima, mambo mawili tu yamewataka wote 14 wawe pamoja. Ukoo uliopanga mambo kumi ya namna hiyo utakuwa umepanga kungojana.

Mazoezi

1. Chombo huchukua watu 24 kila sekunde 90. Mtu aliye nyuma ya watu 320 atangoja dakika ngapi?

2. Darasa la wanafunzi 30 linakwenda ziara ya mafunzo. Kila mmoja ana uwezekano wa 0.95 wa kufika kwa wakati. Tafuta uwezekano wa wote kufika kwa wakati. Ungeshauri nini?

3. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kwamba, kwa muda mrefu, wastani wa watu waliomo katika foleni ni sawa na wastani wa wanaoingia kwa saa, ukizidishwa kwa wastani wa saa anazokaa kila mmoja. Pimeni foleni ya chakula ya shule kwa siku tano, kisha muijaribu kanuni hiyo.

Majibu: (1) Dakika 20. (2) 0.21.