Bumu Likiisha, Nile Nini?

Swali: Dokta, nasoma chuo Dar es Salaam. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, likiingia, kila usiku chipsi mayai. Likiisha, chai na maandazi. Darasani nasinzia tu. Nifanyeje?

Jibu: Mwanangu, chipsi mayai si sumu, ila kila usiku ni mafuta mengi mno. Rudi kwa mama ntilie ule wali maharage na mchicha. Maharage yana protini na madini ya chuma; madini haya yakipungua, mwili huchoka. Kamulia ndimu, vitamini C husaidia mwili kuyafyonza. Chai isubiri kama saa moja baada ya chakula, maana huzuia madini hayo kufyonzwa. Na kama unakesha na simu hadi saa tisa, hilo halina mboga ya kulitibu. Ukila na kulala vizuri na bado unasinzia, nenda zahanati ukapime damu.