Kalafati ya Simu Kuukuu

Nataka kuwaeleza kazi moja ambayo mimi huifanya hapa Kisimayu karibu kila juma. Ni kazi ya kuuondoa mfumo wa zamani uliomo ndani ya simu au tableti kuukuu na kuutia mwingine mpya badala yake. Mafundi wetu huiita kazi hii kuflashi. Wengi wadhani ni uganga. Si uganga, ni elimu, na kila mwanafunzi mwenye subira aweza kuipata. Lakini ina hatari zake, kwa hiyo yafaa kuifuata kwa utaratibu, hatua baada ya hatua.

Simu nzima yawezaje kufa?

Pwani yetu chombo hakitupwi kwa sababu kinavuja. Dau likianza kuingiza maji hupandishwa mchangani wakati wa kusi, bahari inapokuwa kali; pamba kuukuu hutolewa katika nyufa, hutiwa pamba mpya, mbao hupakwa sifa, na dau hurudi majini. Mbao ni zile zile, ila kalafati ni mpya. Simu nayo ni vivyo hivyo. Kioo, betri na vyuma vyake ndizo mbao. Mfumo uliomo ndani ndio kalafati, nao huchakaa upesi kuliko mbao.

Tuchukue mfano mmoja, nao utatufaa mpaka mwisho wa somo. Simu ya Samsung Galaxy S III, yenye namba GT-I9300, ilianza kuuzwa mwezi wa Mei 2012. Mfumo wa mwisho ambao mtengenezaji aliipa ni Android 4.3. Mwaka 2021 Google iliacha kuupa mfumo huo huduma zake za Play. Kisha tarehe 24 Oktoba 2023 WhatsApp ikaacha kufanya kazi katika kila simu yenye Android iliyo chini ya 5.0. Simu haikuanguka, haikuingia maji, wala betri yake haikufa. Hata hivyo mwenyewe aliiona kama imekufa.

Kwa mtu mwenye fedha jambo hili ni dogo, kwani atanunua nyingine. Katika visiwa vyetu, Koyama, Chovai na Chula, na vinginevyo vilivyojipanga kusini ya Kisimayu hata kuelekea Ras Kiamboni, si dogo. Tangu serikali ilipoanguka mwaka 1991 Wabajuni wengi walikimbia: wengine wako Mombasa, wengine Ulaya. Mama aliyebaki kisiwani huisikia sauti ya mwanawe kwa simu ile ile moja ya nyumba. Ikikataa, ndugu wamepotezana mara ya pili.

Ndani ya simu mna nini?

Asiyeujua mwili hawezi kuutibu. Basi yafahamu mambo manne yaliyomo ndani ya simu.

La kwanza ni butiloda. Huyu ni bawabu. Ukiwasha simu yeye huamka kabla ya wote, akautazama mfumo, akaufungulia mlango. Katika simu nyingi bawabu huyu amefungiwa kufuli na mtengenezaji, asikubali mfumo wa mtu mwingine. Baadhi ya watengenezaji huruhusu kufuli lifunguliwe, wengine hukataa kabisa. Huawei, kwa mfano, iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018.

La pili ni rikavari, yaani chumba kidogo cha matengenezo. Mfumo mkubwa ukilala, chumba hiki chaweza kufunguliwa peke yake ili kufuta, kunakili au kutia kitu kipya.

La tatu ni mfumo wenyewe, yaani Android, ambao ndio unaouona kila siku.

La nne ni sehemu ndogo iliyofichika inayohifadhi IMEI, yaani namba ya simu yenyewe ya kutambulikana na mitambo, mbali na namba ya laini yako. Sehemu hii ikiharibika simu itawaka vizuri, lakini yaweza kushindwa kushika mtandao.

Mifumo mipya yatoka wapi?

Mwaka 1991 kijana wa Kifini, Linus Torvalds, alianza kuandika programu ya Linux, akawapa watu wote ruhusa ya kuisoma na kuibadili. Juu ya Linux ndipo Android ilipojengwa, na mwaka 2008 Google ikatoa maandishi yake hadharani. Kwa hiyo watengenezaji si wao pekee wenye kuweza kuishona Android iingie katika simu.

Mwaka 2009 Mmarekani Steve Kondik alianzisha mfumo ulioitwa CyanogenMod, na watu wa nchi nyingi wakamsaidia kwa kujitolea. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo ilifunga huduma zake mwezi wa Desemba 2016, lakini wale waliojitolea hawakutawanyika; waliiendeleza kazi kwa jina la LineageOS. Hao ndio waliotengeneza LineageOS 14.1, yaani Android 7.1, kwa ajili ya GT-I9300 yetu. Mtengenezaji aliishia 4.3, watu wa kujitolea wakaifikisha 7.1.

Mambo manne kabla ya kuanza

Kwanza, jua namba kamili ya simu. Jina la Galaxy S III halitoshi. GT-I9300 ina prosesa ya Exynos. Zile zilizouzwa Marekani zina prosesa ya Qualcomm. Nayo GT-I9305 ni simu nyingine ingawa kwa sura ni pacha. Mfumo wa moja ukitiwa katika nyingine simu yaweza kugeuka tofali, isiwake tena. Namba utaiona katika mipangilio, na tena chini ya betri. Zisome zote mbili, uhakikishe zinakubaliana, maana simu za mtumba mara nyingi zimebadilishwa mifuniko.

Pili, nakili kila kilichomo. Kazi hii hufuta. Katika simu nyingi kule kufungua kufuli la bawabu peke yake kwafuta yote, wala hakuna kuyarudisha. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo palipo na hasara kubwa kuliko zote. Mzee mmoja wa Chovai aliniletea simu ya namna hii akitaka aifungue WhatsApp azungumze na mjukuu wake aliye ng'ambo. Chombo chake kilikuwa kikingoja maji yajae.

Nikamwuliza, "Ami, mna nini ndani usichotaka kipotee?"

Akasema, "Hamna kitu, mwanangu. Picha ninazo katika kadi. Fanya upesi, maji hayangoji mtu."

Nilifungua nikaangalia. Picha kweli zilikuwa katika kadi, lakini katika kumbukumbu ya simu yenyewe mlikuwa na sauti kumi na mbili zilizorekodiwa. Nikaigusa moja, akasikika mwanamke mzee akiimba kwa Kibajuni. Mzee akanyamaza kimya. Ilikuwa sauti ya dada yake, aliyekwisha kufariki. Alikuwa amesahau kwamba simu ile ndiyo iliyomrekodi.

Nikamwambia, "Ami, leo chombo kiende bila wewe. Sitaigusa mpaka sauti hizi ziwe mahali pawili." Akakubali, akalala mjini. Nilizitia katika kompyuta na katika kadi, nikazifungua zote kumi na mbili huko huko zilikonakiliwa, kwani nakala ambayo hujaifungua si nakala bado. Siku ya pili ndipo nikaanza kazi.

Nyimbo na maneno ya wazee wetu wa visiwani hayamo sana vitabuni. Mengi yamo vinywani, na siku hizi yamo katika simu kuukuu zilizotupwa makabatini. Basi fundi asimwulize mwenye simu tu, bali aangalie mwenyewe.

Tatu, nakili sehemu ya IMEI, uiweke mbali na simu. Rikavari nzuri yaweza kuinakili. IMEI yako uirudishe kama ilivyokuwa, usiibadili kamwe. Kuibadili ni kazi ya wezi, na huko Uingereza ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2002.

Nne, angalia umeme na faili. Betri iwe imejaa, au angalau ipite nusu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, simu hubaki na nusu ya mfumo, kama dau lililopandishwa pamba ikatolewa, kisha maji yakajaa kabla ya kutiwa mpya. Tumia kompyuta yenye betri yake, si ile inayotegemea jenereta ya jirani. Na faili uliyoipakua ina namba ndefu ya kuihakikisha, iitwayo SHA256. Piga hesabu yake kwa kompyuta uilinganishe na ile iliyotangazwa na wenye mfumo. Herufi moja ikihitilafiana, faili hiyo imeharibika njiani au imechezewa, itupe.

Kazi yenyewe

1. Tia faili ya mfumo katika kadi ya kumbukumbu. Kama mwenye simu ataka duka la Google, tia na faili ya programu za Google iliyotengenezwa kwa Android 7.1, chagua iliyo ndogo kabisa, kwa kuwa simu hii ina RAM ya gigabaiti 1 tu.

2. Zima simu. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha kupunguza sauti, kitufe cha kati, na cha kuwashia. Simu itakuonya, kubali. Sasa bawabu anangoja maagizo. GT-I9300 bawabu wake hana kufuli, na hilo ni jambo la bahati.

3. Iunge na kompyuta kwa waya mzima usiolegea. Kwa programu ya Heimdall, ambayo hutolewa bure, andika rikavari mpya iitwayo TWRP iliyo ya namba hiyo hiyo ya simu.

4. Usiiache simu iwake kwa mfumo wake wa zamani, maana huenda ukairudisha rikavari ya kale. Ingia moja kwa moja katika rikavari mpya kwa kubonyeza kitufe cha kuongeza sauti, cha kati na cha kuwashia.

5. Ukiwa ndani ya TWRP, kwanza nakili mfumo wa zamani wote pamoja na sehemu ya IMEI katika kadi. Ukishindwa mbele, utakuwa na njia ya kurudi nyuma.

6. Futa mfumo wa zamani, data na kache. Usiifute kadi.

7. Tia mfumo mpya, kisha programu za Google mara moja, kabla ya kuwasha. Ukiwasha kwanza ndipo uzitie, mara nyingi hugombana.

8. Washa. Mara ya kwanza simu hukawia dakika nyingi. Hapa wengi huingiwa na hofu wakatoa betri. Iache. Mvumilivu hula mbivu.

9. Ikiwaka, chagua lugha ya Kiswahili kama wapenda, tia laini, piga simu, kisha angalia kama IMEI ni ile ile.

Mipaka ya kazi hii

Nisingependa mfikiri kwamba simu kuukuu hugeuka mpya. LineageOS 14.1 nayo iliacha kutolewa rasmi mwaka 2019. Yafaa kwa kuzungumza na ndugu, kusoma, na kutazama ramani. Haifai kwa siri kubwa. Programu nyingi za benki hukataa mfumo usio wa mtengenezaji. Hapa kwetu hilo halitudhuru sana, kwa sababu huduma ya kutuma fedha ya EVC Plus hutumia namba za kubonyeza kwa laini, hata katika simu ya tochi.

Tena simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa pwani hazina mfumo wa LineageOS uliotengenezwa kwa ajili yake. Mkiona faili ya mtu asiyejulikana inayodai kufaa kila simu, msiiguse. Aliyeiweka aweza kuwa ametia mdudu wa kuiba maneno yenu ya siri. Na mtu akikuletea simu iliyofungwa kwa akaunti ya mwingine, naye hawezi kueleza aliipataje, mrudishie. Fundi huishi kwa jina lake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini simu ambayo haijavunjika yaweza kukataa WhatsApp?
2. Bawabu wa simu ni nini, na kwa nini watengenezaji wengine humfungia kufuli?
3. Simu mbili zina jina moja na sura moja. Utajuaje kama mfumo mmoja utazifaa zote?
4. Nyumbani kwenu mna simu gani kuukuu isiyotumika? Itie chaji, uifungue, uandike orodha ya sauti na picha zilizomo, kisha uziweke mahali pawili. Swali hili lijibuni kwanza.