Solver inapokosa kikomo

Swali: Natafuta mchanganyiko nafuu wa chakula cha kuku kwa Solver ya Excel, lakini inaniambia thamani ya lengo haina mwisho. Nimekosea wapi?

Jibu: Programu ni nzima, kasoro iko kwenye modeli. Anza na lengo: ukichagua kuongeza gharama badala ya kuipunguza, huku masharti yako yakiwa ya kiwango cha chini cha protini tu, gharama itapanda bila ukomo. Hakikisha pia kilo haziruhusiwi kuwa hasi, na jumla imefungwa, tuseme kilo 100.

Usipoliona kosa, wekea kila kiambato ukomo wa muda wa kilo 1,000,000, kisha kokotoa upya. Kitakachogota hapo kinakuonyesha sharti lililosahaulika. Liandike sharti hilo, ndipo uondoe ukomo wa muda.