Nimelificha daftari la mwanangu

Dada yangu wa Tanga,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kilichonikaa rohoni si swali lako la kumkatia mwanao ada. Ni pale unaposema umelificha daftari lake nyuma ya debe la unga. Karudi likizo kutoka chuoni anakosomea dini mbalimbali, kaweka Kurani mezani kando ya Biblia, kisha kamwomba bibi yake amweleze wazee wa Usambaa walivyokuwa wakiomba mvua. Akaandika kurasa nne. Wewe mwanakwaya ukaona mtoto anapotea, na baba yake hadi leo hasemi naye.

Hofu yako naielewa. Hebu nikwambie habari za John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, Kenya, mwaka 1931. Kuanzia 1964 alifundisha dini Makerere miaka kumi, wakati ambapo wengi kanisani waliziita imani za mababu zetu ushetani. Kitabu chake cha 1970 kilikusanya jinsi watu wa karibu makabila 300 ya Afrika walivyomjua Mungu: majina waliyompa, sifa zake, maombi yao. Katika kile cha 1969 alieleza fikra za Waafrika juu ya wakati kwa maneno ya Kiswahili chetu, sasa na zamani, na Uislamu akauandikia humo pia. Hayo yote aliyafanya akiwa kasisi wa Anglikana. Baadaye alichunga usharika mjini Burgdorf, Uswisi, miaka mingi, na uzeeni akatafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki kwenda Kikamba. Tena mshairi Okot p'Bitek wa Uganda alimshutumu kwamba Ukristo umemkaa mno, hata anaivika miungu ya Afrika mavazi ya Wagiriki! Mtu aliyeliacha kanisa asingelaumiwa hivyo.

Siwezi kukuahidi kwamba imani ya mwanao itabaki ileile. Ninachokijua ni hiki: nikiwa na miaka kumi na miwili nilimuuliza baba yangu kwa nini majirani wetu wanafunga Ramadhani. Alinitazama tu, akarudi kwenye redio yake. Tangu siku ile sikumuuliza jambo lolote la Mungu, hata la kanisa letu wenyewe, mpaka tukamzika.

Kwa hiyo mwambie mumeo aanze yeye kuzungumza, hata kama ni kwa kubishana. Na Kurani iacheni mezani. Wewe mwenyewe unasema kila Idi sahani ya pilau huja kwako kutoka kwa jirani. Mwanao anataka kujua jirani huyo anaomba nini.

Bibi, umeandika, ana miaka 84 na ameanza kuchanganya majina ya wajukuu. Litoe daftari leo, kijana anapanda basi Jumapili. Ukishampa, nendeni wote wawili mkaketi kwa bibi, maana umekiri kwamba habari za mvua hizo wewe hujawahi kumuuliza.