Vidokezo: Krismasi na Mboga za Bustani Yako

Siku ya Krismasi, Shinyanga na Geita hunukia pilau na kuku wa kienyeji. Mboga za majani husahauliwa, au huwa kabichi kidogo ya sokoni pembeni ya sahani. Inauma, kwa kuwa Desemba ndio msimu wake. Mwaka huu zitoke nyumbani.

1. Hesabu siku kuanzia tarehe 25 ukirudi nyuma. Mchicha hutaka wiki tatu hadi nne, kwa hiyo mwisho wa Novemba mbegu ziwe ardhini. Kunde hutoa majani ya kuchuma kwa muda kama huo. Marando ya matembele yapande mapema zaidi. Bamia na nyanya chungu ni za aliyeanza kumwagilia tangu Oktoba au kabla. Umechelewa? Bakia na mchicha.

2. Jua maji yako yanatoka wapi. Hili ni kwa wenzetu wa Geita, na naomba lisipuuzwe. Wachimbaji wadogo wengi hukamatia dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke wa zebaki husambaa na kutua kwenye udongo na majani ya jirani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini moshi bado upo. Usimwagilie maji yaliyooshea mchanga wa dhahabu, wala usipande kwenye marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kutolewa dhahabu, hata yawe laini namna gani. Mchicha wa hapo utastawi na kupendeza kama mwingine wowote, na kuosha hakutoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Kama unaishi karibu na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, jaza magunia udongo na samadi iliyooza kutoka mbali na machimbo, yaweke mbali na panapochomewa, na tumia maji ya bomba au ya kisima kilicho upande wa juu wa machimbo.

3. Mgagani upewe bakuli kubwa. Kwangu mimi, hakuna mboga inayoushinda mezani. Chambua majani machanga na vichipukizi, chemsha kwa chumvi kidogo, mwaga maji ya kwanza ili uchungu upungue. Tia maziwa, acha yachemke taratibu bila kufunika mpaka yashikane na majani. Mwishoni weka karanga zilizotwangwa, ukikoroga zisishike chini. Anayedai hapendi uchungu mpe kijiko kimoja tu.

4. Majani ya maboga yana nyuzi. Zimenye kuanzia kwenye kikonyo, kisha fikicha majani ukwaruzo uishe. Wape kazi hiyo mashangazi na watoto wakati nyama iko jikoni.

5. Mvua imegoma? Shinyanga hilo si geni. Toa nsansa, yale majani ya kunde uliyoyakausha msimu uliopita. Roweka kwenye maji ya vuguvugu, pika na karanga, andaa na ugali wa mtama.

6. Chuma asubuhi, pika mwisho kabisa, wageni wakishaketi.

7. Usimalize bustani. Bakiza mashina mawili matatu ya mgagani yakomae, na uvune maganda ya mbegu yakigeuka njano, kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu. Zianike kivulini, uzihifadhi pakavu. Mbegu mbichi huota kwa shida; zikikaa miezi kadhaa ndipo huamka vizuri, na hapo msimu mwingine utakuwa umefika.