Kuoka kwa Ajili ya Mwenye Mzio: Anza na Mchele na Nazi

Mtoto akigundulika ana mzio wa ngano, mayai au maziwa, wazazi wengi huanza kuhangaika kutafuta namna ya kuoka keki ileile bila vitu hivyo. Unga maalumu wa madukani ni ghali, na keki yake mara nyingi hukauka na kumeguka. Jiko la pwani lina njia fupi zaidi. Vitumbua, vibibi na mkate wa kumimina hupikwa kwa mchele, tui la nazi, sukari, hamira na iliki. Ngano na maziwa havimo katika mapishi yake ya asili. Anza hapo, ili nguvu zako zibaki kwa kazi iliyo ngumu zaidi: kuzuia kilichokatazwa kisipenye bila wewe kujua.

Jua kwanza tatizo ni lipi

Katika mzio wa chakula, ambao wengi huuita aleji, kinga ya mwili hushambulia protini ya chakula kana kwamba ni adui. Kiasi kidogo sana kinaweza kuleta vipele, midomo kuvimba, kutapika au kushindwa kupumua. Anayeshindwa kusaga laktosi, yaani sukari ya maziwa, yuko katika hali nyingine: tumbo hujaa gesi na pengine huharisha, lakini maisha yake hayamo hatarini, na wengi wa aina hii hustahimili maziwa kidogo au mtindi. Ugonjwa wa seliaki ni wa tatu: gluteni iliyomo kwenye ngano na shayiri huifanya kinga ya mwili iharibu utumbo mwembamba. Anayeshukiwa kuwa nao asiache kula ngano kabla ya kupimwa damu, maana akiacha, kipimo kinaweza kuonyesha hana ugonjwa.

Kwa hiyo daktari atangulie, jiko lifuate. Na usidanganywe na mbadala wa mtaani. Protini zinazoleta mzio zimo kwenye mayai ya kienyeji kama zilivyo kwenye ya kisasa, na wengi wanaodhurika na maziwa ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi pia. Nazi nayo wapo wachache inaowadhuru. Uliza kabla hujaikuna.

Hatari inakojificha

Mashine ya kusaga ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka. Mchele wako safi ukisagwa baada ya ngano, soya au karanga za mteja aliyetangulia, unga unaorudi nao nyumbani umechanganyika. Unga wa lishe mara nyingi hutiwa soya na karanga makusudi. Baadhi ya majarini zina maziwa, na beking pauda nyingine huchanganywa na wanga wa ngano. Soma pakiti kila unaponunua, kwani watengenezaji hubadilisha viambato.

Vitumbua vya kununua navyo viulizie, kwa kuwa wapo wauzaji wanaoongeza unga wa ngano ili vishikane. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi au sambusa yasitumike tena kwa chakula cha mwenye mzio, na kinu kilichotwangiwa karanga kisitwangiwe iliki yake. Ufuta pia usiusahau: Marekani iliuongeza kwenye orodha ya vyakula vikuu vya mzio vinavyopaswa kutajwa kwenye pakiti, kuanzia Januari 2023.

Mkate wa kumimina wa kusaga nyumbani

Loweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha, kisha umwage maji. Saga kwa blenda pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, mpaka ukipapasa rojo kwa vidole usisikie chembe. Tia kijiko kimoja cha chai cha hamira na nusu kijiko cha iliki, funika, uache uumuke kwa muda wa saa moja hivi. Koroga sukari robo tatu ya kikombe, mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, uoke kwa nyuzi 180 za Selsiasi kwa dakika 40 hivi, hadi kijiti kitoke kikavu. Kwa jiko la mkaa, weka moto mwingi juu ya mfuniko na kidogo chini. Wengine huongeza ute wa yai. Hamira ikiwa nzima, mkate huumuka bila huo.

Keki bila mayai wala maziwa

Kwa anayekula ngano, weka tui jepesi badala ya maziwa, kipimo kilekile. Badala ya kila yai, tumia robo kikombe ya ndizi mbivu iliyopondwa. Hii hufaa kwa keki ya yai moja au mawili. Keki inayotegemea mayai mengi yaliyopigwa haitainuka. Wapo watoto wenye mzio wa mayai wanaostahimili yai lililookwa ndani ya keki, lakini kujaribu hilo ni kazi ya kufanywa chini ya uangalizi wa daktari.

Siku ya sherehe, oka cha mwenye mzio kwanza, vyombo vikiwa safi, ukifunike na kukiweka mbali. Mpe sahani na kijiko chake.

Mambo yakiharibika

Akipumua kwa shida, sauti ikimkauka, ulimi ukivimba au akizimia, dawa ya kwanza ni adrenalini, sindano ya pajani. Kama aliandikiwa, mchome mara moja. Vidonge vya mzio hupunguza mwasho tu, havizibui njia ya hewa. Mlaze, au mkalishe kama anashindwa kupumua, wala asitembezwe. Mpeleke hospitali hata akipata nafuu, kwa sababu dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa, na uchukue pakiti ya alichokula ili daktari aone viambato vyake.